Filme Inayoegemea Upande: Je, Inavunja Amri ya Nane?

Kila mara inapotolewa filme juu ya mambo ya nchi zetu, neno moja huifuata kama vumbi linavyofuata kamyo: «Hiyo si kweli, hiyo ni politiki.» Wengine hujibu palepale: «Kweli ni kweli, wanaoikataa ni wale inaowauma.» Pande mbili zinapiga kelele, na Mkristu aliyeketi katikati hajui ashike lipi. Mwishowe anachoka na kusema: «Sinema yote ni uwongo, tuiache.» Lakini hilo si jibu. Kama ni uwongo, amri ya nane imevunjwa, na yafaa tujue nani aliyeivunja. Kama si uwongo, basi yeye anayeziba masikio asisikie kilio cha jirani yake atatoa hesabu pia.

Sisemi hapa juu ya filme za kuchekesha wala za mapigano, ambamo kila mtu anajua ya kwamba mwuaji na aliyeuawa wanakula pamoja jioni. Nasema juu ya zile zinazoitwa dokumentere. Filme ya namna hiyo haina wachezaji. Mwenye mashini ya picha huenda mahali penyewe, huchukua sura za watu wenyewe na maneno yao wenyewe, kisha anatuambia: tazameni, hivi ndivyo ilivyo. Anataka tumwamini kama tunavyomwamini shahidi mbele ya wazee wa baraza. Basi, na ahukumiwe kama shahidi.

Kwanza tukubali jambo moja. Filme isiyo na upande haiko. Mwamba ngoma huvutia kwake. Aliyeshika mashini amesimama mahali fulani. Akielekeza uso huku, amekupa mgongo kule. Halafu anarudi kwake na picha za saa nyingi, anakata, anaunga, anabakiza saa moja na nusu. Kila alipokata, ameamua jambo.

Mwaka 1955 mfalme Baudouin wa Ubelgiji alitembelea Kongo, na Mbelgiji mmoja, André Cauvin, akatengeneza filme ya safari ile, jina lake Bwana Kitoko. Makutano yale hayakubuniwa na mtu. Watu walijaa barabarani kweli, na walishangilia kweli. Lakini mtu aliyeitazama kule Ulaya angejuaje ya kwamba wale waliokuwa wakishangilia hawakuwa na haki ya kumchagua hata mmoja wa wale waliowatawala? Angejuaje ya kwamba Mkongomani wa siku zile hakuruhusiwa kuona sinema ila zile zilizokwisha kupitishwa na tume ya serikali? Miaka mitano baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ikajitawala, na wengi huko Ulaya wakashangaa kana kwamba jua limechomoza usiku. Walikuwa wamepewa picha za kweli, nazo hazikuwasaidia kufahamu. Na sisi watu wa misioni tusijifiche nyuma ya mlango. Padri Albert Van Haelst na wenzake walitengeneza filme katika Kasai na penginepo wakati wa Wabelgiji, nazo zilikuwa na upande wao, wala hawakuuficha.

Je, kuwa na upande ni dhambi? Hapa wengi wanakosea. Wanadhani shahidi mwema ni yule asiyependa wala kuchukia, asiyetaka neno lolote. Lakini tumtazame Yoane Mwinjili. Karibu na mwisho wa kitabu chake anakiri ya kwamba Yezu alifanya ishara nyingine nyingi zisizoandikwa humo. Maana yake alichagua. Tena anasema kwa nini alichagua: ili tupate kusadiki. Nani mwenye upande kuliko Yoane? Wala Eklezya haikumwita mwongo kwa sababu hiyo. Mtakatifu Agustino, alipoandika juu ya uwongo, hakusema ya kwamba mwongo ni mtu mwenye kupenda upande fulani. Alisema mwongo ni yule mwenye neno moja moyoni na jingine mdomoni, kwa nia ya kudanganya. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaongeza ya kwamba kunyamaza juu ya kweli fulani kwa busara si kusema uwongo. Kwa hiyo mtu akisema tu, «Filme hii inaegemea upande,» hajamshitaki mwenyewe kosa lolote. Bado aonyeshe mahali alipodanganya.

Namna ya kumtafuta mdanganyifu tunaifahamu kwa habari ya Suzana katika kitabu cha Danieli. Wazee wawili walimshitaki, na maneno yao yalipatana. Watu walikuwa tayari kumwua. Danieli hakuwauliza wale wazee kama walimpenda Suzana au walimchukia, wala kama walikuwa marafiki wa mume wake. Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja: uliwaona chini ya mti gani? Basi, na sisi tuulize filme swali lile la mti. Umeona nini kwa macho? Umesikia nini kwa mwingine? Na nini umekisia tu?

Tuchukue filme moja iliyosumbua watu wengi, na inayotuhusu sisi Wakongomani pia, ingawa ilipigwa ng'ambo, katika Mwanza ya Tanzania. Jina lake kwa Kifaransa ni Le Cauchemar de Darwin. Mwenyewe ni Hubert Sauper, mtu wa Austria, na ilitoka mwaka 2004. Inasimulia habari ya sangara, samaki mkubwa aliyetiwa katika ziwa Victoria zamani za ukoloni, akawameza samaki wadogo wa ziwa, wengine mpaka kabila zao zikatoweka. Viwanda vya Mwanza vinakata minofu. Ndege kubwa zilizoundwa katika nchi za Warusi zinakuja kuichukua kuipeleka Ulaya. Vichwa na mifupa, ndiyo mapanki, vinabaki. Tunaona wanawake wakianika mapanki katikati ya funza. Tunaona watoto wa barabarani wakipigania wali, mlinzi wa usiku na mishale yake, wasichana wanaojiuza kwa marubani. Na mara kwa mara tunamsikia Sauper akiuliza: ndege hizi zikija kuchukua samaki, zinaleta nini? Wanajibu: haziletei kitu, zinakuja tupu. Karibu na mwisho rubani mmoja, kwa uso wa huzuni, anakiri ya kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola, akarudi na zabibu za Ulaya kutoka Afrika ya Kusini.

Filme ile ilisifiwa mno. Mwaka 2006 ilipewa zawadi ya César Ufaransa, tena ikawa kati ya zile zilizoshindania Oscar kule Marekani. Lakini mwaka uleule Rais wa Tanzania, Jakaya Kikwete, aliishutumu hadharani, akisema inachafua jina la nchi na kudhuru biashara ya samaki. Na huko Paris mwalimu mmoja wa historia, François Garçon, aliandika makala, kisha kitabu kizima, kuonyesha ya kwamba Sauper amedanganya watazamaji: silaha ziko wapi?

Swali lake ni swali la Danieli, nalo ni swali jema. Tulijibu kwa haki. Umaskini, filme imeuona. Mapanki na funza, imeviona. Ndege, imeziona zikitua na kuruka. Silaha zikishushwa Mwanza, haikuziona. Hakuna sanduku moja linalofunguliwa mbele yetu. Neno la rubani ni juu ya Angola na safari nyingine. Sasa mtu atasema: «Lakini Kongo yetu ilijazwa bunduki kwa njia ya ndege! Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika hayo.» Ndiyo, waliandika, na sisi wa mashariki hatukuhitaji kuyasoma ili kuyajua. Lakini bunduki kufika Kongo kwa ndege ni jambo moja. Ndege hii ya samaki kuileta bunduki hii kupitia Mwanza ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo linalotakiwa ushuhuda. Anayeshitakiwa si mawingu, ni watu.

Hukumu yangu ni hii. Sauper si mwongo kwa maana ya Agustino, kwani aliuliza swali lake waziwazi, akatusikilizisha hata majibu ya wale waliolikana. Lakini aliweka njaa karibu na ndege, na ndege karibu na vita, akaacha kamba mbili zisizofungwa, akijua ya kwamba hofu ya mtazamaji itazifunga. Mtazamaji akatoka nje akiwa na hakika ambayo shahidi mwenyewe hakuwa nayo. Hapo pana kosa, dogo kuliko uwongo, nalo liliwaangukia watu wasiokuwamo katika chumba cha kukatia picha: wavuvi, wakata minofu, wanawake wa viwandani. Wako watu Ufaransa walioacha kununua samaki yule kwa sababu ya filme. Walidhani wanatenda tendo la huruma.

Na Garçon je? Yeye naye alivuka mpaka. Alidai ya kwamba Sauper aliwalipa watoto ili waigize mambo yao mbele ya mashini. Sauper akamshitaki. Mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamwona Garçon na kosa la kumchafulia jina, na mwaka 2009 mahakama ya rufani ikathibitisha. Tazameni basi: mtu aliyesimama kutetea kweli ameanguka katika shimo lilelile, la kusema asiloweza kuthibitisha. Wapenzi wa filme walifurahi kana kwamba hukumu ile imethibitisha habari ya silaha. Haikuthibitisha. Kosa la Garçon halimpi Sauper sanduku lile alilolikosa.

Hapa nitie neno juu ya mtazamaji, kwani mara nyingi tunasema juu ya dhambi ya msemaji na kusahau ya msikilizaji. Maadili ya Eklezya yanalo jina kwa kosa lake: hukumu ya haraka, yaani kusadiki ubaya wa jirani bila msingi wa kutosha. Mtu anaitenda akiwa ameketi kimya kwenye kiti cha sinema, bila kufungua kinywa. Anaitenda tena kwa upole zaidi siku hizi, simu mkononi, akiona dakika mbili zilizokatwa kutoka filme ya saa mbili na kuzituma kwa watu mia. Yule aliyekata si yule aliyepiga picha, na yule anayetuma hajaona filme yenyewe. Nani atamwuliza habari ya mti?

Sasa turudi kwetu, Kivu, kwa maana huku shauri ni zito zaidi. Mwaka 2015 Wabelgiji wawili, Thierry Michel na Colette Braeckman, walitoa filme juu ya daktari Denis Mukwege na hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1999 na ndugu zetu Waprotestanti. Mnajua kazi yake: kuwatibu wanawake waliobakwa na kuharibiwa miili yao katika vita. Jina la filme kwa Kifaransa ni L'Homme qui répare les femmes. Ndani yake wanawake wenyewe wanasema yaliyowapata. Mwezi wa Septemba mwaka ule serikali ya Kinshasa ikaikataza isionyeshwe nchini. Waziri wa habari, Lambert Mende, alisema filme ina nia ya kuchafua jina la jeshi. Tena alisema maneno ya wanawake, yaliyosemwa kwa lugha za kwetu, yamefasiriwa vibaya katika maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha.

Mashitaka haya ni mawili, nayo yasichanganywe.

La kwanza ni la jina jema. Katekismo inatofautisha masingizio na masengenyo. Kusingizia ni kumtwika mtu ubaya asioutenda. Kusengenya ni kufunua ubaya alioutenda kweli, lakini bila sababu ya haki. Je, kusema ya kwamba wako askari wa serikali waliobaka ni kusingizia? Hapana. Mwezi wa Novemba 2012, huko Minova, askari waliokuwa wakirudi nyuma kutoka vita vya Goma waliwatenda wanawake ubaya huo, na ilikuwa mahakama ya kijeshi ya Kongo yenyewe iliyowahukumu, Goma, Mei 2014. Katika washitakiwa 39, wawili tu walionekana na kosa la kubaka. Basi serikali haikuweza kusema jambo halikuwako. Je, ni kusengenya? Kusengenya kunataka pasiwe na sababu ya haki. Nani atathubutu kumwambia mama aliyelazwa Panzi ya kwamba hakuna sababu ya haki? Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya habari, ulifundisha ya kwamba habari iwe ya kweli siku zote, na, pasipo kuvunja haki wala mapendo, iwe kamili. Kamili, yaani isikatwe pale panapowauma wakubwa. Jeshi linayo heshima yake, ndiyo. Wako askari waliokufa wakilinda vijiji. Lakini heshima hiyo inachafuliwa na yule aliyebaka, kabla ya yule aliyepiga picha ya aliyebakwa.

Lakini tusiwe vipofu upande wetu. Ubaya huo umetendwa na makundi mengi, ya ndani na ya nje, na filme itakayowatwika wote wenye nguo moja makosa ya wote ingewadhulumu watu. Kwa hiyo shitaka la pili, lile la tafsiri, mimi silicheki. Ni la maana sana.

Mtu wa Kivu akisimulia, husema: «Basoda walikuja.» Basoda gani? Neno hilo linaweza kuwa askari wa serikali, linaweza kuwa waasi waliovaa nguo zilezile, linaweza kuwa mtu yeyote mwenye bunduki na buti. Sisi tunaosikiliza tunajua kwa maneno yaliyotangulia, kwa jina la kilima, kwa mwaka, hata kwa namna mama anavyogeuza uso. Mfasiri aliyeketi Ulaya ana nafasi ya maneno machache tu chini ya picha. Akiandika kwa Kifaransa neno la askari wa jeshi, amekwisha kuhukumu. Akiandika watu wenye silaha, labda amemfichia mkosaji. Sisemi ya kwamba filme ile ilikosea katika neno hilo. Natoa mfano tu, ili tuone ya kwamba katika filme ya namna hii mpaka wa kweli na uwongo unaweza kupita katikati ya neno moja la Kiswahili. Wenye filme walikana nia mbaya. Waziri alishikilia lake.

Sasa, ni nani angeweza kuwaamua? Mfaransa wa Paris hawezi. Anasoma maandishi tu. Mbelgiji hawezi. Watu wa Ulaya waliitazama filme kwa uhuru wote, na hawakuweza kupima neno hata moja. Waliokuwa na uwezo ni watu wa Bukavu, wa Kalehe, wa Walungu, wa Uvira: watu wanaosikia Kiswahili cha mama yule na lugha ya kilima chake, wanaojua nani alipita wapi mwaka gani. Hao ndio waliokatazwa! Serikali ilisema, «Tafsiri ni ya uwongo,» halafu ikawafungia mlango wale tu walioweza kusema kama ni uwongo au siyo. Ni kana kwamba Danieli angetaka kuwauliza wazee habari ya mti, lakini kwanza akawafukuza watu wote wanaoijua bustani.

Mtu atasema: «Katekista, wewe unasahau ya kwamba watu wetu wana hasira. Ukiwaonyesha mambo hayo, watatoka na mawe.» Nimelipima neno hilo, kwa maana Papa Pio XI mwaka 1936, na Papa Pio XII mwaka 1957, waliandika barua nzima nzima juu ya sinema na hatari zake, na hawakukataa ya kwamba mkubwa ana wajibu wa kulinda watu. Lakini mambo gani hapa yangekuwa mapya kwao? Waliyaishi. Mama wa Minova hakungoja sinema ili ajue. Kilichokuwa kipya ni kuyasikia yakisemwa kwa sauti mbele ya watu wote, na hilo, kwa mtu aliyenyamazishwa miaka mingi, mara nyingi hupunguza hasira.

Katazo halikudumu. Mwezi wa Oktoba 2015 liliondolewa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2018, daktari Mukwege alipewa zawadi ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki, na wengi waliosema filme ni politiki walituma salamu za pongezi.

Kwa hiyo parokia inayotaka kuonyesha filme ya namna hii ifanye neno moja ambalo Paris haiwezi kulifanya. Isiwazimie watu taa na kuwarudisha nyumbani. Iwaache wazee na wamama wasikilize maneno yenyewe, wasiyasome maandishi ya chini, na baadaye wapewe nafasi: mti ulikuwa huu? kilima kilikuwa hiki? mama amesema basoda, alisema akina nani? Kama neno lilifasiriwa vibaya, mama mmoja wa Kalehe atalisema kabla projekta haijapoa. Na kama lilifasiriwa vema, atalisema pia.